Kiwavi wa ngogwe, nondo wa mzinga

Utotoni kwetu Sikonge, mkoani Tabora, niliwajua wadudu watatu ambao kichwani mwangu hawakuwa na undugu wowote.

Wa kwanza alikuwa kiwavi. Mnene kuliko kidole gumba cha baba, wa kijani au wa njano, mwenye pembe mkiani, aliyemaliza majani ya ngogwe za mama na kuacha vijiti vimesimama. Mama alimkanyaga kwa kandambili bila kumtazama mara mbili. Wa pili alikuwa kitu kigumu chenye rangi ya mninga uliopigwa msasa, tulichokifukua kwa jembe wakati wa kulima. Ukikishika kinatikisa ncha yake huku na huku, na sisi watoto tulikiuliza, "Kwa bibi ni wapi?" tukaamini upande kilikoelekea. Wa tatu alikuwa nondo aliyelia.

Huyo aliyelia ndiye aliyenisumbua kwa miaka, kwa hiyo naanza naye.

Baba mkubwa alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miyombo, mwendo wa kutwa nzima kwa baiskeli kutoka nyumbani, na msimu wa kurina ulipofika alikaa kambini wiki mbili, tatu. Nilipotimiza miaka 9 alikubali kunichukua. Alirina usiku, kwa sababu nyuki wetu ni wakali na giza huwatuliza kidogo. Alipanda mti, akaufunga mzinga kamba, akauteremsha polepole hadi chini, akapuliza moshi tunduni, kisha akang'oa kifuniko. Mimi nilishika tochi. Katikati ya masega kulikuwa na kitu kikubwa cha rangi ya gome, kimetulia kama kipande cha mti kilichosahauliwa ndani. Baba mkubwa akakibana mabawa kwa vidole viwili, akakitoa.

Kikalia.

Haukuwa mvumo wa mabawa. Ilikuwa sauti ya kinywa: kwii, kwii, kwii, kavu na kali, kama panya aliyebanwa na mlango. Niliangusha tochi.

"Usiogope, mwanangu," alisema. "Huyu mwizi wa asali. Anawaimbia nyuki. Akishawaimbia, wanampisha."

Akanisogezea nione. Mgongoni, nyuma tu ya kichwa, yule nondo alikuwa na uso: macho mawili meusi, taya, paji la rangi ya mfupa. Fuvu nilikuwa nimeliona mahali pamoja tu maishani, kwenye kopo la dawa ya kupulizia tumbaku, na shuleni tulishaambiwa maana yake. Basi kwa miaka mingi niliamini kwamba nondo yule ana sumu, na kwamba ile alama aliwekewa ili tumkwepe.

Hana sumu. Hana mwiba, hang'ati, wala hana meno ya kung'atia. Ni mmoja wa nondo wakubwa wa bara letu: akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha anaweza kufika sentimita 12 au 13, yaani upana wa kiganja cha mwanamume na zaidi. Mabawa ya mbele ni ya kahawia iliyokolea, yenye mawimbi ya njano na weupe wa majivu, hivyo akitua juu ya gome humwoni mpaka uweke mkono juu yake. Siri iko chini. Akishtuka anainua mabawa ya mbele na kuonyesha ya nyuma, ya njano kama bizari, yenye mikanda miwili myeusi. Tumbo nalo ni la njano lenye pingili nyeusi, na katikati limepitiwa na mstari wa kijivu-samawati kuanzia kifuani hadi mkiani. Hilo fuvu si mchoro wa ngozi. Ni vinyweleo na magamba madogo kama unga wa muhogo. Ukimgusa vibaya unga ule unakubakia kidoleni na fuvu linapoteza jicho.

Jina lake la kisayansi ni Acherontia atropos. Aliyempa jina la pili ni Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, mwaka 1758, alipomwandika kama Sphinx atropos. Atropos, katika hadithi za Wagiriki wa kale, ni yule wa tatu kati ya dada watatu wa majaliwa, anayekata uzi wa uhai wa mtu. Jina la kwanza lilifuata baadaye, nalo limetoka kwenye Acheron, mto wa kuzimu. Ana ndugu wawili huko Asia, nao wamepewa majina ya msiba vilevile: Acherontia styx na Acherontia lachesis. Ulaya walimwogopa karne nyingi. Akiingia ndani usiku kwa kufuata mshumaa, watu walisema kuna atakayekufa.

Bibi yangu, mdudu wa mabawa akiingia ndani usiku, alisema kuna mgeni njiani, na asubuhi tulifagia uwanja. Mimi napenda zaidi ya bibi.

Na hilo neno Sphinx? Ndilo lililowapa jina jamaa nzima ya nondo hawa wakubwa, wenye mwili mzito uliochongoka kama risasi na mabawa membamba ya kasi. Limetokana na kiwavi wao, si nondo mwenyewe. Ukimgusa anasimama, anainua kifua, anakunja kichwa chini na kubaki hivyo bila kutikisika, kama lile sanamu la Sfinksi la Misri lililolala mbele ya piramidi. Niliposoma hilo nikiwa mtu mzima, nilijikuta nimeweka kitabu chini. Nilikuwa nimeshaiona ile kunja-kichwa. Niliiona bustanini kwa mama, sekunde chache kabla ya kandambili.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba wadudu wangu watatu ni mmoja.

Sikutaka kuamini kwa kusoma tu. Siku hizi naishi Morogoro, nina kibustani nyuma ya nyumba chenye ngogwe, bilinganya na mnavu uliojiotea wenyewe. Nondo huyu anapenda sana ukoo wa mimea hiyo: viazi mviringo, nyanya, bilinganya, ngogwe, mnavu, tumbaku. Lakini si mchaguzi mno, hula pia lantana na mimea mingine ya pori na ya mapambo. Mvua za masika zilipoanza nikawa nageuza majani kila asubuhi. Nilichokitafuta hakikuwa rahisi, kwa sababu mama nondo hatagi fungu. Anatua, anabandika yai moja upande wa chini wa jani lililokomaa, anaondoka. Yai ni dogo kuliko punje ya mtama, la kijani hafifu.

Nilipata mawili. Moja halikutoboka. Kutoka la pili, siku ya tano, alitoka uzi wa kijani usiofika urefu wa ukucha wangu, wenye pembe nyeusi mkiani iliyokuwa ndefu mno kwa mwili ule. Kitu cha kwanza alichofanya ni kula ganda la yai lake.

Nilimweka kwenye ndoo yenye wavu juu, na tangu siku hiyo nikawa mtumishi wake. Kiwavi huyu anajivua ngozi mara nne, kwa hiyo ana rika tano, na kila rika ni kama mnyama mwingine. Mwanzoni anatafuna vitundu katikati ya jani kama mtu anayetoboa karatasi kwa sindano. Rika la tatu mistari ya mshazari inaanza kujitokeza ubavuni. La mwisho ndilo linalotisha. Wangu alitokea wa njano, wenye mistari ya zambarau inayoshuka mshazari kila pingili, na madoa meusi madogo mgongoni kama mtu amenyunyizwa wino. Wengine wanakuwa kijani, wengine wa kahawia kabisa na mabega meupe, wote mama mmoja. Ile pembe inageuka: inakuwa fupi kwa kulinganisha na mwili, ya njano, imejaa vipele, na ncha yake imejikunja juu kama mkia wa mbwa aliyefurahi. Haichomi. Nimeigusa mara nyingi, ni laini.

Usiku, taa zikishazimwa, nilikuwa namsikia akitafuna. Nilimpima kwa rula siku ya ishirini na mbili toka atoke yaini: sentimita 12. Siku hiyohiyo nilimshika vibaya akaniletea jambo sikulitegemea. Aligeuza kichwa upande wangu akagonganisha taya, tak-tak-tak, kama mtu anayebofya kalamu. Anayo sauti tangu utotoni, ila ya utotoni ni ya taya na ya ukubwani ni ya pumzi.

Kisha akaacha kula. Njano yake ikachakaa ikawa kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na akaanza kujipaka mate mwili mzima, pingili kwa pingili, akijikunja kufikia mgongo. Baada ya hapo akawa hatulii. Alizunguka ndoo usiku kucha. Nilijua anatafuta udongo.

Hapa niseme kosa langu, kwa sababu huenda mtu mwingine atajaribu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimechukua kiwavi mkubwa kutoka kwenye bilinganya na kumpa udongo wa sentimita tano tu, tena mkavu. Alichimba, akarudi juu, akachimba tena, mwisho akageuka kuwa pupa, ile hatua ya kati ya kiwavi na nondo, juu ya udongo. Pupa wake alikauka, na nilipomfungua baada ya miezi miwili alikuwa nondo mzima, mwenye fuvu tayari, amekufa bila kutoka. Sikuweza kulala vizuri siku ile. Bustanini wanazama sentimita 15 hadi 40, na huko chini hawasuki kokoni ya hariri kama viwavi wengine. Wanajigandamiza mpaka udongo unakuwa chumba chenye kuta laini, na mle ndani ndimo wanamojivua kwa mara ya mwisho.

Safari hii nilijaza ndoo udongo mpaka nusu na kuuweka na unyevu wa kawaida wa bustani. Alizama kwa muda mfupi kuliko niliochukua kumwita mke wangu aje aone.

Baada ya wiki mbili nilishindwa kuvumilia, nikafukua kwa kijiko. Naye huyo hapo: kitu kigumu, kinachong'aa, rangi ya mninga uliopigwa msasa, urefu wa kidole changu cha kati. Nikamshika. Akatikisa ncha yake huku na huku.

Kwa bibi ni wapi.

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Bibi alishafariki.

Kwa wanaolima, kuna pupa mwingine mtakayemkuta kwenye matuta ya viazi vitamu, na tofauti ni rahisi: huyo ana kitu kilichojikunja kifuani kama mkono wa kikombe. Ule ni mfuko wa mrija wake wa kunywea. Anatoka nondo wa jamaa hiihii, Agrius convolvuli, ambaye akiwa mkubwa ana mrija mrefu wa kufikia nekta ndani ya maua yenye shingo ndefu. Jamaa hii imejaa wenye ndimi za ajabu. Yule wa Madagaska, Xanthopan praedicta, mrija wake umepimwa ukafika sentimita 28.5, na Charles Darwin alibashiri mwaka 1862, kwa kuliangalia ua la okidi tu, kwamba lazima kuna nondo wa namna hiyo kisiwani. Wanasayansi walimwelezea mwaka 1903, Darwin akiwa kaburini.

Pupa wa nondo wa fuvu hana mkono wa kikombe, na hapo ndipo maisha yake yote yanapoelezeka. Mrija wake ni mfupi, mnene, wenye ncha kali. Kwa maua marefu haumfai kitu. Unamfaa kutoboa, na kitu anachotoboa ni nta.

Baba mkubwa alikuwa sahihi, ni mwizi. Usiku anaingia kwa tundu la mzinga, anapita katikati ya maelfu ya walinzi, anapanda sega, anatoboa kifuniko cha nta na kufyonza asali. Nondo mwingine mkubwa kama huyu angeweza kuuawa na nyuki kabla hajafika sega la kwanza. Huyu wanampita kama mwenzao. Zamani watu wa Ulaya walikuwa na jibu lilelile la baba mkubwa: kwamba anaigiza mlio wa malkia, ule ambao malkia kijana hutoa mzingani, na nyuki wakiusikia wanatulia. Mwaka 1991 watafiti Moritz, Kirchner na Crewe walionyesha jambo jingine. Walichunguza mafuta yaliyo juu ya mwili wa nondo wakakuta asidi nne za mafuta zinazofanana na zilizo juu ya mwili wa nyuki, tena kwa uwiano unaokaribiana. Mzingani ni giza. Nyuki wanajuana kwa kunusa. Mbele ya pua ya nyuki, nondo huyu anakaribia kuwa hayupo.

Sauti yenyewe nayo ina ufundi wake. Hana koo la sauti. Anavuta hewa ndani kwa mrija, na kijilimi kilichopo kwenye mlango wa koo kinatetemeka kwa mfululizo wa mipigo ya haraka. Kisha anaisukuma hewa nje, ikatoka kama mluzi mfupi. Kuvuta na kusukuma kunamchukua sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo sikio la binadamu linasikia "kwii" moja. Anaitoa zaidi akishikwa, na popo au ndege aliyemnasa ana kila sababu ya kushtuka kama nilivyoshtuka mimi.

Hafaulu kila mara. Warina asali wanamkuta mara nyingine sakafuni mwa mzinga, amekufa kwa miiba, amepakwa gundi ya nyuki mwili mzima kwa sababu ni mzito mno wao kumtoa nje. Na nyuki wana njia yao ya kumzuia. François Huber wa Geneva, mtafiti wa nyuki aliyekuwa kipofu na kufanya kazi kwa macho ya msaidizi wake François Burnens, aliandika zaidi ya miaka 200 iliyopita jinsi nyuki walivyojenga kuta za nta na gundi langoni, wakiacha vitundu vya kupita nyuki mmoja mmoja, ili nondo huyu asipenye. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka mizinga ya baba mkubwa. Matundu aliyotoboa yalikuwa madogo, na mengine nyuki walikuwa wameyapunguza zaidi kwa gundi nyeusi. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni uchafu.

Wanaofuga nyuki nawaomba wasimchanganye na nondo wa nta. Yule ni mdogo, wa kijivu, na viwavi wake wanaishi ndani ya masega wakiyatafuna na kuyafunga kwa utando mpaka kundi linahama. Huyo ni adui wa kweli, pamoja na siafu na nyegere. Nondo wa fuvu anakunywa asali kidogo na kutoka. Kiwavi wake haishi mzingani hata siku moja. Na bustanini, kwa kuwa mayai yanatagwa mojamoja, mara nyingi utakuta kiwavi mmoja, wawili. Kumpulizia dawa ni kupoteza pesa. Mhamishie kwenye mnavu wa pembeni. Mimi sasa nina mche mmoja wa bilinganya ambao hatuuvuni.

Nondo wangu alitoka usiku wa siku ya ishirini na sita tangu azame. Nilikuta amepanda kijiti nilichomsimamishia, mabawa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, yakijaa polepole mbele ya macho yangu. Fuvu lilikuwa tayari, safi, kila kinywele mahali pake. Baada ya saa mbili hivi mabawa yalikuwa yamenyooka na kukauka. Akaanza kuyatetemesha, kwa sababu nondo wazito kama huyu lazima wapashe misuli moto kabla ya kuruka.

Akiruka anafika mbali. Wa aina yake wameenea Afrika nzima kusini mwa Sahara, Madagaska, Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati na nchi za Mediterania, na kila mwaka wapo wanaovuka kwenda Ulaya ya kaskazini, wengine hadi Iceland. Huko pupa hawavumilii baridi ya ardhini. Kizazi cha vuli, kabla ya baridi kuingia, kinajaribu kurudi kusini. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Myles Menz walichapisha matokeo ya kuwafungia nondo 14 redio ndogo mgongoni, huko Konstanz, Ujerumani, na kuwafuata kwa ndege ndogo usiku. Mmoja walimfuata takriban kilomita 80 kuelekea Alpi. Upepo ulipowapinga walishuka chini karibu na ardhi na kuongeza nguvu. Ulipowasukuma walipanda juu. Mwelekeo wao haukupinda.

Wangu nilimshika mara moja tu kabla hajaondoka, nikiwa na simu mkono wa pili. Alilia kama nilivyomkumbuka. Kisha nikafungua kiganja, akakaa, akatetema, akapita juu ya ukuta wa jirani upande wa magharibi.

Ile sauti nilimtumia baba mkubwa kwa WhatsApp. Ana miaka zaidi ya 70 sasa, hapandi miti tena, ila mizinga michache bado anayo. Alinipigia muda huohuo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Ndiye huyo. Umemtoa mzinga gani?"

"Hakutoka mzingani. Nimemlea mwenyewe, tangu yai. Ni yule kiwavi wa kwenye ngogwe za mama."

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Yule wa pembe?"

"Yule yule."

"Na sasa yuko wapi?"

"Ameruka. Kaelekea huko huko kwenu."

"Haya," alisema. "Kesho nitapita kuangalia matundu."